TAKUKURU na dhana ya papa na vidagaa

Dhana inayorudiwa zaidi katika vijiwe vya kahawa vya Dodoma ni kwamba TAKUKURU, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania, huvua vidagaa na kuwaachia papa kwa makusudi. Maelezo ya jambo hilo yamo kwa sehemu kubwa ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinahusu hongo, na kosa hilo taasisi inaweza kulifikisha mahakamani bila kusubiri kibali. Makosa mengine ya sheria hiyo, kama matumizi mabaya ya madaraka, yanahitaji kwanza kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Mtendaji wa kijiji aliyeomba shilingi 50,000 hunaswa kwa mtego: namba za noti huandikwa, mlalamikaji huzikabidhi, na maofisa huingia zikiwa bado mfukoni. Zabuni iliyopikwa haina noti ya kukamatwa nayo. Ina mihtasari ya vikao, hati za malipo na saini za watu wanne, kila mmoja akidai kwamba alimwamini aliyetangulia kusaini. Hayo hayafuti swali la uhuru wa taasisi ambayo Mkurugenzi Mkuu wake huteuliwa na Rais, na kwa maoni yangu swali hilo bado halijajibiwa.

Dhana ya pili huzuka kila mwaka taarifa ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapofika bungeni: kwamba kila shilingi iliyohojiwa na wakaguzi imeibwa, na TAKUKURU imelala. Hoja ya ukaguzi yaweza kuwa wizi, lakini yaweza pia kuwa stakabadhi iliyopotea kwenye kabati la halmashauri.

Wapo pia wanaomwona mtoa hongo kuwa mwathirika tu, ilhali kifungu hichohicho cha 15 kinamhusu yeye sawa na mpokeaji. Aliyeombwa hongo apige 113, namba ya simu ya TAKUKURU, kabla ya kutoa.

Dhana iliyojificha zaidi ni ya kupima taasisi kwa idadi ya waliofungwa. Kuzuia ni jukumu lake la kisheria, nako hakuna mshtakiwa. Ofisa anayefuatilia ujenzi wa zahanati huko Bahi, akikuta nondo za milimita 10 mahali mkataba unapotaja 12, na fundi akaamriwa kuzing'oa kabla zege halijamwagwa, hurudi mjini bila jalada la mashtaka.