Tui likikatika halijaharibika: dhana potofu kuhusu maziwa, tui na maji ya tope

Tia chumvi kwenye glasi ya maji, ikoroge mpaka iyeyuke, kisha zima taa umulike tochi ubavuni. Mwali hauonekani ndani ya maji. Fanya hivyo hivyo kwa maji yenye matone mawili ya maziwa, utauona umenyooka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maziwa hayakuyeyuka. Yametawanyika kwa chembe ndogo mno, nyingi zikiwa kati ya nanomita 1 na 1000, na chembe hizo ndizo zinazorudisha mwanga. Thomas Graham, mkemia kutoka Scotland, aliviita vitu vya aina hii koloidi mwaka 1861. Jikoni vimejaa, na kwa kuwa tunavipima kwa macho tu, tunavihukumu vibaya.

Dhana: Tui likikatika limeharibika.

Hii imemwagisha mchuzi mwingi bure. Tui ni matone ya mafuta ya nazi ndani ya maji, na kila tone limevikwa utando wa protini za nazi yenyewe unaolizuia lisiungane na jirani yake. Moto ukiwa mkali, protini hizo hubadilika umbo na kugandamana. Utando ukishavunjika, matone yanaungana, mafuta yanaelea, na chini hubaki maji yenye vibonge vyeupe. Kilichoharibika ni sura ya mchuzi, chakula chenyewe kinalika. Tena wanaotengeneza mafuta ya uto nyumbani huchemsha tui makusudi mpaka likatike, ndipo wayaengue mafuta. Mpishi wa Pwani anayeanza na tui jepesi, akatia kasimile, yaani tui zito la kwanza, mwishoni kwa moto mdogo huku akikoroga kwa upawa, anaulinda utando ule hata kama hajawahi kusikia habari za protini. Tui lililoharibika kweli linajulikana kwa harufu na uchachu wake. Na lile lililolala kwenye friji likajitenga, tabaka gumu juu na maji chini, halina kosa lolote, kwani mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi.

Dhana: Maziwa ya pakiti hayatoi malai kwa sababu yametiwa maji.

Kiwandani maziwa hupitishwa kwa shinikizo kubwa kwenye upenyo mwembamba sana, matone ya mafuta yakapasuka na mengi yakawa madogo kuliko elfu moja ya milimita. Matone madogo kiasi hicho hayapandi juu kwa urahisi, hivyo malai hayajikusanyi. Maji nayo yamo tangu mwanzo: maziwa ya ng'ombe yaliyotoka kukamuliwa sasa hivi ni maji kwa karibu asilimia 87. Wala weupe si ushahidi. Maziwa yaliyoondolewa mafuta bado ni meupe, maana protini iitwayo kaseini nayo hutawanya mwanga. Kwa hiyo anayeongeza maji kidogo hawezi kukamatwa kwa jicho. Ndiyo maana wanunuzi wa maziwa hutumia laktomita, kifaa kinachopima uzito wa maziwa yakilinganishwa na maji.

Dhana: Dettol ikizidi kuwa nyeupe majini ndiyo kali.

Mafuta yaliyomo hushikiliwa na sabuni na alkoholi. Ukiongeza maji mengi, yanajitenga kwa matone madogo, ndio huo weupe. Nguvu inatokana na kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Dawa ya klorini haigeuki nyeupe hata kidogo, na inaua vijidudu.

Dhana: Maji ya mto yakishatulia yakang'aa, yanafaa kunywa.

Hii inauma zaidi, kwa sababu inaleta kuhara. Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi, zinasukumana, na ndiyo sababu ndoo inaweza kukaa siku kadhaa na maji bado yana ukungu. Shabu, yale mawe meupe ya kusafishia maji, huleta chaji chanya ya aluminiamu. Chembe zinaacha kusukumana, zinashikana mabonge, zinazama. Unga wa mbegu za mlonge hufanya kazi hiyo hiyo kwa protini zake. Chumvi ya bahari pia inaweza: ni sababu mojawapo ya tope la Rufiji kutua pale mto unapokutana na bahari.

Mabonge yakizama huondoka na vijidudu vingi, lakini si vyote. Virusi ni vidogo mno, kitambaa hakivizuii, na macho hayavioni hata maji yakimetameta. Baada ya shabu, chemsha maji mpaka yatokote vizuri, au tumia klorini. Utaratibu una maana hapa: ukitia klorini kwenye maji ya tope, sehemu kubwa inaishia kwenye uchafu kabla ya kuvifikia vijidudu. Basi shabu kwanza, mimina maji ya juu kwenye ndoo safi bila kutibua mashapo, kisha tia klorini kwa kipimo cha lebo na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa.