Kikaango kikubwa kidogo, keki ileile?

Wengi wanaooka keki kwenye kikaango cha chuma huamini kwamba tofauti ya sentimita chache haibadilishi kitu: kama maelezo yanataka kikaango cha sentimita 20 na ulichonacho ni cha 25, unamimina tu na kuoka kwa dakika zilezile. Ni rahisi kuamini hivyo, maana kwa macho vikaango hivyo viwili hukaribiana.

Ila keki hutandaa kwenye eneo lote la kikaango, na eneo hukua haraka kuliko upana. Zidisha kila kipimo kwa chenyewe: 20 mara 20 ni 400, 25 mara 25 ni 625. Kikaango cha pili kina nafasi zaidi ya mara moja na nusu. Mchanganyiko uleule utakuwa mwembamba, utaiva mapema, na ukingoja muda ulioandikwa utakauka. Ukienda kwenye kikaango kidogo, kina huongezeka: kingo huiva katikati kukiwa bado kubichi, au keki hufurika.

Pima upana wa ndani bila mpini. Kwa kuwa kuta za vikaango vingi huinama, mimi huamini maji zaidi ya rula: jaza kila kikaango maji kwa kutumia kikombe kilekile, hesabu vikombe, kisha linganisha. Usijaze mchanganyiko kupita theluthi mbili. Kwenye kikaango kipana anza kuchoma kijiti katikati dakika kumi kabla ya muda. Kikitoka bila ubichi, epua.