Marsaxlokk sio kijiji cha kupigia picha tu

Watu wengi wakiona picha za Marsaxlokk, kule kusini mashariki mwa Malta, wanasema zile boti zimepakwa rangi kwa ajili ya watalii. Hapana jamani. Zinaitwa luzzu, zina ncha mbele na nyuma, bluu, njano, nyekundu na kijani, na yale macho mawili kwenye omo ni kinga ya mvuvi akiwa baharini, imani ambayo Wamalta wengi wanaihusisha na Wafoinike, mabaharia wa kale waliowahi kuishi kisiwani. Siku hizi zimefungwa injini ya dizeli na kazini zinaenda.

Wengine eti uvuvi wa pale ni kutupa nyavu popote tu. Angalia wanavyovua lampuki, ni samaki wale wale ambao wavuvi wa pwani yetu wanawaita fulusi. Fulusi anapenda kivuli cha kitu kinachoelea, kwa hiyo mvuvi anafunga makuti ya mtende juu ya maboya, anatia nanga ya jiwe zito la chokaa, anayapanga mstari mmoja mrefu kuelekea bahari kuu, halafu anapita kukagua moja moja, akikuta samaki wamejazana chini anawazungushia nyavu. Hayo ndio kannizzati, na msimu ni kuanzia katikati ya Agosti mpaka Desemba. Kwangu mimi huu ufundi ndio ungepigwa picha kwanza kabla ya boti.

Na sio kila samaki wa soko la Jumapili katoka hapo ghubani, wengine wanafugwa kwenye vizimba.

Linaloniuma zaidi ni hili la "kijiji kitulivu, hakina historia". Mwaka 1565 meli za Waturuki wa Ottoman zilitia nanga hapo walipokuja kuizingira Malta. 1610 ikaanza kujengwa ngome ya St Lucian, na waliporudi 1614 mizinga yake ikawazuia kushuka, wakaenda kutua ghuba ya jirani. 1798 wakashuka wanajeshi wa Napoleon. Hata mkutano wa Desemba 1989 wa Bush, rais wa Marekani, na Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, ambao wengi wanadhani ulifanyika Valletta, mji mkuu, ulifanyika humu humu ghubani ndani ya meli ya Maxim Gorky, na dhoruba ilichafua bahari mpaka vikao vingine vikafutwa.