Jeshi la Sita la Ujerumani Halikuanzia Stalingrad

Ukilitaja Jeshi la Sita la Ujerumani, wengi hukumbuka theluji, njaa na Stalingrad, mji wa Usovieti ambako jeshi hilo liliangamia katika Vita vya Pili vya Dunia. Ni kumbukumbu ya kweli, ila inaanzia katikati. Inatuonyesha askari waliotelekezwa na Hitler, na kuyaacha nje yale ambayo jeshi hilohilo lilitenda Ukraine mwaka mmoja kabla. Sisi tunaofundisha historia ya vita tuna wajibu wa kuyaeleza yote mawili.

Kwanza tuelewane kuhusu ngazi. "Jeshi" hapa si majeshi yote ya nchi. Divisheni kadhaa ziliunda kori, kori kadhaa zikaunda jeshi, na majeshi kadhaa yakawa chini ya kundi la majeshi. Jeshi la Sita lilipewa jina hilo Oktoba 1939, baada ya kupigana Poland likiitwa Jeshi la Kumi. Mwaka 1940 lilipita Ubelgiji na Ufaransa, na Juni 1941 likaivamia Ukraine likiwa chini ya Kundi la Majeshi la Kusini. Kamanda wa ngazi hii hakuishia kupanga mapigano. Mateka, chakula cha raia na usalama wa maeneo yaliyotekwa nyuma ya mstari wa mbele vilimhusu pia, na ndiyo maana sahihi yake ilikuwa na uzito wa uhai na kifo.

Kamanda huyo alikuwa Fildi Mashali Walther von Reichenau, aliyewaunga mkono Wanazi tangu mapema. Agosti 1941, katika mji wa Bila Tserkva, watoto wapatao 90 wa Kiyahudi walifungiwa ndani ya nyumba bila chakula wala maji. Wazazi wao walikwisha kuuawa. Luteni Kanali Helmuth Groscurth, ofisa mnadhimu (ofisa wa mipango) wa Divisheni ya 295, aliyasimamisha mauaji na kulipeleka suala makao makuu ya jeshi. Jibu la Reichenau lilikuwa kwamba kazi iliyoanzwa imalizwe. Watoto wakapigwa risasi, wengine wakiwa bado wachanga. Ofisa mmoja alionyesha kwamba kupinga kuliwezekana. Aliyekuwa na mamlaka ya kuokoa alichagua kuua.

Mwezi uliofuata, tarehe 29 na 30 Septemba, Wayahudi 33,771 waliuawa katika bonde la Babi Yar, Kyiv. Wauaji walikuwa SS, yaani kikosi chenye silaha cha chama cha Wanazi, na polisi, lakini matangazo ya kuwaita watu wakusanyike yalichapwa na kitengo cha Jeshi la Sita. Kisha tarehe 10 Oktoba 1941 Reichenau akatoa amri iliyowataka askari waelewe kwamba kuwaangamiza Wayahudi ni adhabu ya haki. Hitler aliifurahia, na amri ikasambazwa kwa majeshi mengine.

Reichenau alifariki Januari 1942 baada ya kupata kiharusi. Uongozi wa Jeshi la Sita ulichukuliwa mwezi huohuo na Friedrich Paulus, aliyewahi kuwa mnadhimu wake mkuu, fundi wa ramani na mipango ambaye hakuwahi kuongoza divisheni wala kori vitani. Udhaifu huo ulionekana Novemba 1942, jeshi likiwa Stalingrad. Tarehe 19 Wasovieti walivunja safu za Waromania waliolinda mbavu za Jeshi la Sita, na kufikia tarehe 23 askari wapatao robo milioni walikuwa wamezingirwa. Paulus aliomba ruhusa ya kutoka, Hitler akakataa. Göring, mkuu wa jeshi la anga, aliahidi kulilisha jeshi kwa ndege. Zilihitajika angalau tani 300 kwa siku, na wastani wa zilizofika haukuzidi tani 150.

Jenerali Walther von Seydlitz, kamanda wa kori mojawapo, alimwandikia Paulus tarehe 25 Novemba akimsihi atoke hata bila idhini. Paulus hakutoka. Desemba, vifaru vya Jenerali Hoth, vilivyotumwa kuwakomboa waliozingirwa, vilikaribia hadi kilomita 50 hivi. Hata wakati huo Paulus alisubiri amri ambayo haikuja. Kwa maoni yangu, utii huu ndio uliowamaliza askari wake. Alipandishwa kuwa Fildi Mashali tarehe 30 Januari 1943 na kukamatwa kesho yake katika orofa ya chini ya duka kubwa la mjini. Kundi la mwisho lilijisalimisha tarehe 2 Februari. Mateka walikuwa takriban 90,000; waliorudi nyumbani hawakuzidi 6,000, wa mwisho mwaka 1955.

Jeshi jipya lenye jina hilohilo liliundwa Machi 1943, likavunjwavunjwa tena Agosti 1944 katika eneo la Moldova na Romania, na mabaki yake yakajisalimisha kwa Wamarekani huko Austria Mei 1945.

Na uwajibikaji? Reichenau alikufa kabla ya mahakama yoyote. Paulus alifika Nuremberg, kwenye kesi ya viongozi wa Wanazi, mwaka 1946 kama shahidi, si mshtakiwa. Erich von Manstein, mkuu wa Hoth aliyeshindwa kuliokoa Jeshi la Sita, alikuwa ametoa amri inayofanana na ya Reichenau alipoongoza Jeshi la Kumi na Moja. Mwaka 1949 mahakama ya Waingereza mjini Hamburg ilimhukumu kifungo cha miaka 18. Aliachiwa mwaka 1953.