Kumwambia mtoto "una akili" hakumwondolei woga wa kujaribu

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto anayeogopa kujaribu atapata ujasiri akiambiwa mara kwa mara kuwa ana akili au kipaji. Nia ni njema, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1998 na wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani ulionyesha kinyume chake: watoto wa darasa la tano waliosifiwa kwa akili zao walielekea kuchagua kazi ambazo zingewaonyesha kuwa hodari, na walipokutana na maswali magumu walikata tamaa upesi kuliko wenzao waliosifiwa kwa bidii, na baadhi ya hao waliosifiwa kwa akili hata walidanganya kuhusu alama walizopata. Mtoto aliyekwisha kuitwa mwerevu huona kila jaribio jipya kuwa hatari ya kuvuliwa sifa hiyo.

Hii haimaanishi kwamba sifa zikomeshwe, wala kwamba kila jasho lishangiliwe hata pasipo maendeleo. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kuwa chanzo chenye nguvu zaidi cha kujiamini ni mtu kufanikiwa mwenyewe. Kwa hiyo mtoto anayelia kwa kushindwa kufunga kamba za viatu asifungiwe haraka, bali mzazi aanze fundo na kumwachia hatua ya mwisho ya kukaza, siku nyingine amwachie hatua mbili, huku akitaja waziwazi alichokifanya: "Safari hii umekishika vizuri kitanzi, hakikukuponyoka."