Koo la mtoto: lini umpeleke hospitali

"Daktari, kimeo tulishamkata, mbona bado?"

Swali hili nimelisikia mara nyingi katika kliniki yangu ya masikio, pua na koo, na kila mara huniumiza. Kimeo, ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya ulimi, hakileti homa ya mtoto. Kukikata kwa wembe ndiko kunakoleta kutokwa damu nyingi, pepopunda, hata kifo, na ugonjwa aliokuwa nao unabaki palepale.

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi. Mtoto ana mafua, anakohoa, sauti imemkauka, lakini uji anakunywa. Huyo mpe vinywaji vya kutosha na parasetamo kulingana na uzito wake. Kwa kawaida hupona ndani ya juma moja. Usimnunulie rangi mbili, yaani vidonge vya antibayotiki, dukani, kwa sababu antibayotiki haziui virusi.

Ninayemhofia ni yule wa miaka 5 hadi 15 aliyeshikwa na koo ghafla: homa imefika nyuzi 38 au zaidi, tezi za shingo zinauma ukizigusa, mafindofindo yana usaha mweupe, na hakohoi. Wazazi huona afadhali kwamba hakohoi. Mimi ndipo ninapomshuku bakteria aitwaye streptokoka. Koo lenyewe laweza kupoa bila dawa, lakini wiki 2 hadi 4 baadaye kinga ya mwili inaweza kugeukia viungo na moyo: goti linavimba, likipoa linavimba jingine, na huku valvu za moyo zinaharibika kimyakimya. Wapo wanaoishia kwenye upasuaji wa moyo kwa koo ambalo sindano moja ya penisilini ingelitibu. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inaukinga moyo. Akiandikiwa vidonge vya siku 10, avimalize, hata kama homa imeshuka siku ya 3.

Kuna na yule wa kukimbizwa usiku huohuo: anadondosha udenda kwa kushindwa kumeza mate, mdomo haufunguki vizuri, shingo imekakamaa, au anavuta pumzi kwa mlio. Usimchungulie koo kwa kijiko, na usimlaze kwa nguvu. Mwache akae vile anavyopumua vizuri, mwende.