Kumi wakitimia: dhana potofu kuhusu wanafunzi Wayahudi katika chuo kidogo

"Bila rabi na sinagogi hakuna ibada." Hii ndiyo husikika zaidi, nayo imekosea zaidi. Sala ya pamoja ya Kiyahudi haidai rabi. Inadai watu wazima kumi, na idadi hiyo huitwa minyani. Darasa tupu linatosha. Taabu iko kwenye kuwapata hao kumi. Katika chuo kidogo cha Marekani wakifika tisa, mtu hutumwa bwenini kugonga milango. Asipopatikana wa kumi, kila mmoja husali, ila baadhi ya sala huachwa, ikiwemo Kadishi, ambayo mfiwa humsomea marehemu wake. Basi mwanafunzi aliyefiwa na baba huwategemea wenzake tisa, pengine hata majina hawajuani. Isitoshe, Wayahudi Waorthodoksi, wanaoshika sheria za kale kikamilifu, huhesabu wanaume peke yao; mrengo wa Mageuzi, uliolegeza sheria hizo, huhesabu na wanawake. Chuo chenye Wayahudi ishirini wa kila mrengo kinaweza kukosa kumi wa kusali pamoja.

"Hillel ni sinagogi ya chuo." Sivyo. Ni jumuiya ya wanafunzi iliyoanza 1923 katika Chuo Kikuu cha Illinois. Ibada zipo, lakini wengi hufuata chakula cha Ijumaa jioni na wenzao, na wamo wasiosali kabisa.

"Sabato ni Jumamosi." Huanza Ijumaa jua linapozama, hadi nyota zionekane Jumamosi. Hili lisitushangaze sisi tuliokuzwa na wazee ambao "usiku wa Jumamosi" kwao ni ule wa kuamkia Jumamosi. Linaloshangaza ni mlango. Anayeshika Sabato sawasawa hawashi wala hazimi umeme, na mabweni ya siku hizi hufunguliwa kwa kadi ya kielektroniki. Akitoka nje amejifungia, mpaka apite mtu. Dawa yake ni ufunguo wa chuma, jambo dogo ambalo ofisi ya mabweni hailifikirii mpaka iambiwe.

"Kosheri ni chakula alichokibariki rabi." Kosheri ni chakula kinachoruhusiwa na sheria ya dini yao, na hakuna dua inayogeuza nguruwe au kamba kuwa kosheri. Kinachoangaliwa ni aina ya mnyama, namna alivyochinjwa, na nyama kutokutana na maziwa, hata kwenye sufuria. Msimamizi huja jikoni kukagua. Waislamu wataona ndugu wa halali hapo, lakini ndugu si pacha: biriani ya mbuzi iliyotiwa mtindi ni halali safi, na kosheri si kabisa. Chuo kisicho na jiko la pili huishia kwenye vyakula vilivyofungwa kiwandani na sahani za kutupa. Mwanafunzi hashindi njaa, ila anakula peke yake wakati wenzake wako kwenye foleni ya bwalo. Kwangu mimi hiyo ndiyo hasara kubwa.

"Pasaka yao ndiyo yetu." Kiswahili ndicho kimetuponza, kwa kuzipa sikukuu mbili jina moja. Wakristo husherehekea ufufuko, Wayahudi hukumbuka kutoka Misri, na nje ya Israeli wengi wao hukaa siku 8 bila kitu cha nafaka kilichochachuka. Msomaji atasema: basi wapewe chapati, haina hamira. Nayo haipiti. Unga ukishaguswa na maji, lazima uwe umeokwa kabla ya dakika 18 kwisha, na chapati zetu hulazwa kwanza zilainike.